Nilivyowazuia Sangara Wenu: Barua kwa Wana Igogo kutoka Geneva

Kwa wazee wangu, mama zangu, wajomba na vijana wenzangu wa Igogo, Mwanza,

Mimi ni mzima, baridi imeanza kulegea, na ugali naula pale unga unapopatikana. Naandika kwa wote kwa pamoja kwa sababu kila nikipiga simu nyumbani swali ni lilelile: hivi huko unasomea nini hasa? Nikijibu "uhusiano wa kimataifa" pananyamaza kidogo, kisha naulizwa kama nitakuwa balozi. Mama mmoja jirani aliuliza kama ndiyo kozi ya watu wanaogonga mihuri ya viza. Baba mdogo, nasikia, amekwisha kutangaza kijiweni kwamba nasomea siasa za Wazungu. Basi nieleze mara moja, kila mtu asikie.

Nasoma namna nchi zinavyoishi pamoja: zinavyouziana, zinavyogombana, zinavyopatana na zinavyodanganyana. Vitabu vipo, tena vingi, lakini sehemu kubwa ya masomo haya tunaisoma kwa kutenda. Geneva ni mji unaofaa kwa kazi hiyo. Umoja wa Mataifa una makao yake ya Ulaya hapa, lipo Shirika la Afya Duniani, lipo Shirika la Kazi, upo Msalaba Mwekundu, na Shirika la Biashara Duniani, WTO, jengo lake liko kandokando ya ziwa kabisa. Walimu wanatupeleka kukaa viti vya nyuma vikaoni na kuwahoji maofisa. Zaidi ya hapo wanatupa majadiliano yaliyowahi kufanyika kweli, kila mtu na nchi yake, tuyafanye upya. Sharti ni moja: hupewi nchi uliyotoka.

Sasa sikieni nilichopewa. Mada ni marufuku ya samaki wa Ziwa Victoria, mwaka 1998. Kiti changu, Tume ya Ulaya. Mimi niliyekulia kwenye mawe ya Igogo, nikalelewa na fedha za minofu na mapanki, nitetee kwa nini sangara wetu wasiingie Ulaya.

Kwa waliozaliwa baadaye, mambo yalikuwa hivi. Mwaka 1997 Hispania na Italia zilikuta vijidudu vya salmonela kwenye shehena za sangara, zikafunga milango. Mwisho wa mwaka huo kipindupindu kikaenea Afrika Mashariki, na Umoja wa Ulaya ukazuia samaki wabichi kutoka Tanzania, Kenya, Uganda na Msumbiji. Katikati ya 1998 zuio likaondolewa. Mwaka 1999 likarudi, safari hii kwa sababu ya habari za watu kuvua kwa sumu.

Usiku wa kuamkia zoezi nilimwomba mjomba, aliyekuwa mkata minofu kiwandani miaka ile, anieleze alivyoyaona. Akanitumia sauti ndefu kwenye WhatsApp, na ndani yake kuna maneno ambayo hayamo katika faili lolote tulilopewa: "Sisi hatukuambiwa na Ulaya. Tuliambiwa na mlinzi wa getini." Walifika zamu ya asubuhi, wakaambiwa leo hakuna kazi, rudini kesho. Kesho hivyohivyo. Samaki waliokuwa waende Ulaya wakashuka bei, watu wakala minofu, lakini mshahara haukuwepo wa kununulia hata mafuta ya kuwakaangia.

Niliingia chumbani asubuhi ile na hasira za mjomba, huku kazi yangu ikiwa kuwatetea waliomfungia geti. Ndipo nikaona faida ya njia hii ya kusoma. Ili kukitetea kiti changu nililazimika kusoma yaliyokuwa yakiwasumbua watu wa Brussels miaka ile, na yalikuwa ng'ombe. Machi 1996 Uingereza ilikiri kwamba ugonjwa wa ng'ombe wazimu huenda unaua watu, na siku chache baadaye Ulaya ikafika uamuzi wa kuzuia nyama ya Uingereza. Wananchi walikuwa wanauliza kwa nini serikali zilichelewa. Ofisa wa chakula wa mwaka 1997 alikuwa ametoka kuumwa na nyoka. Kamba ilipotikisika Mwanza, aliruka. Ukilijua hilo humsamehei, lakini unajua pa kumshika.

Silaha yangu ilikuwa mkataba wa WTO unaohusu afya ya watu, wanyama na mimea. Kifungu chake cha 5.7 kinairuhusu nchi kuchukua hatua za muda pale ushahidi wa kisayansi unapokuwa haujatosha. Nilikishikilia hicho kama mlevi na ukuta. Tanzania alipewa dada mmoja wa Bolivia. Kwao wana Ziwa Titicaca wanaloligawana na Peru, kwa hiyo ziwa lenye mpaka katikati halikumsumbua. Hakupiga kelele. Aliuliza tu: taja mtu mmoja Ulaya aliyeugua kipindupindu kwa sangara. Sikuwa naye. Akauliza tena: samaki huyu mnamla mbichi au mnampika? Tanzania ya kweli ilikwenda njia hiyohiyo mwaka 1998, ikapeleka malalamiko kwenye kamati ya WTO inayosimamia mkataba huo, na msimamo wa wataalamu wa afya wa kimataifa ulikuwa kwamba hatari ya kipindupindu kupitia samaki wa biashara ni ndogo mno.

Tulipokaribia kupatana mwalimu akaingia na karatasi mpya: kuna taarifa za sumu ziwani. Chumba kizima kikabadilika. Dada wa Bolivia akaniomba muda, akakaa na wa Kenya na wa Uganda kwenye korido, na hapo ndipo tatizo lilipojitokeza. Kila mmoja alitaka asafishwe peke yake, aseme sumu iko kwa jirani. Nilikaa kwenye kiti changu cha Ulaya nikiwangoja, na sikuwahi kujisikia mwenye nguvu kiasi kile bila kufanya lolote. Wenye ziwa moja wakigawanyika, wa nje hana haja ya kubishana nao.

Nikamwambia mwalimu baadaye kwamba zoezi lina kasoro: kuna viti vya mawaziri, vya makamishna, hata vya waagizaji wa samaki wa Uholanzi, ila mkata minofu hana kiti. Alikubali. Kundi lililofuata lilipewa nafasi hiyo, na maelezo yake ni maneno ya mjomba, bila jina lake. Mjomba, umeingia darasani Geneva bila ada.

Kuhusu ile filamu ya mapanki, Darwin's Nightmare ya Hubert Sauper, ndiyo, wanaionyesha hata huku. Ilitoka 2004, na mnakumbuka Rais Kikwete alivyoishutumu hadharani mwaka 2006 na zogo lililofuata hapo mjini. Wenzangu wengi wa hapa wanaijua Mwanza kwa filamu hiyo tu. Mimi sina ugomvi na kuonyesha umaskini. Ninao na kumwonyesha mtu asiyepewa nafasi ya kubishana na picha yake. Niliwaambia hivyo, tukaendelea.

Jambo jingine lililonishangaza ni Mwalimu Nyerere. Nyumbani nilifundishwa Ujamaa, Azimio la Arusha na vita vya Kagera. Huku, kwenye somo la sheria za kimataifa, profesa alitaja "Msimamo wa Nyerere" na nusu ya darasa ikaandika, nikiwa mimi wa kwanza kushtuka. Mwaka 1961 Tanganyika ilitangaza kwamba mikataba ya nchi na nchi iliyosainiwa na Waingereza kwa niaba yetu itaendelea kwa miaka miwili tu, tuipitie, na isiyotufaa ife. Mmoja wa iliyokataliwa, mwaka 1962, ni mkataba wa 1929 ulioipa Misri sauti juu ya maji ya Nile, pamoja na ziwa letu. Mabomba yanayotoa maji Ihelele, Misungwi, kuyapeleka Shinyanga na Kahama yamelala juu ya msimamo huo. Na Oktoba 2024 mkataba mpya wa nchi za bonde la Nile, uliofunguliwa kusainiwa Entebbe mwaka 2010, umeanza kutumika, Misri na Sudan zikiwa nje. Msimamo huu wa Nyerere unafundishwa duniani kote. Kwa nini mtoto wa Igogo ausikie kwanza Geneva?

Ziwa la hapa linaitwa Léman. Ni dogo, kilomita za mraba 580 hivi; letu ni karibu 69,000. Uswisi na Ufaransa wanaligawana, na tangu 1963 wana tume ya pamoja ya kuyalinda maji yake, maana lilikuwa limeanza kujaa mwani. Mwaka 1986 Uswisi ikapiga marufuku fosfati kwenye sabuni za kufulia. Sisi tuna Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria, lililoundwa kwa mkataba wa Kisumu wa 1994, makao yake Jinja. Walimu walitupeleka kuuona mtambo wa majitaka, wenzangu wakiziba pua, nami nikawaeleza habari za mabomba ya majitaka yaliyopandishwa kwenye milima yetu ili vinyesi visishuke ziwani na mvua. Wengi walidhani diplomasia ya ziwa ni bendera na suti. Sehemu yake kubwa ni choo.

Sasa upande wa pili, kwa mzazi anayefikiria kuuza kiwanja ili mtoto aje kusoma huku. Geneva ni ghali vibaya. Fildi za Umoja wa Mataifa nyingi hazina malipo. Mwaka 2015 kijana mmoja wa New Zealand aliyekuwa fildi hapa aligundulika analala kwenye hema kando ya ziwa, na huyo alitoka nchi tajiri. Mwaka 2025 mashirika mengi yalipunguza watumishi kwa kukosa michango. Asije mtu kwa ndoto ya kuajiriwa moja kwa moja. Tena kuna jambo linaniudhi, na nitalisema. Wanafunzi wa Ulaya na Marekani wanakuja Mwanza kwa wiki chache "kujifunza kwa kuishi na watu", viza wanalipia mtandaoni, wanapiga picha Kamanga na Bismarck Rock, wanarudi na alama. Mtoto wetu anayetaka kuja kuona vikao vya huku anadaiwa taarifa za benki, barua za mwaliko, na safari ya Dar es Salaam kwa ajili ya miadi. Wao wanatusoma sisi kwetu. Sisi kuwasoma wao kwao ni kwa kibali.

Ndiyo maana nasema njia hii ya kusoma tuianze hapohapo, bila kungoja kibali. Chuo cha Diplomasia Kurasini kipo tangu 1978, tulikianzisha pamoja na Msumbiji, lakini Kurasini ni mbali na mitumbwi. Igogo ina ziwa la nchi tatu mlangoni. Ina Bandari ya Mwanza Kusini jirani. Ina watu waliokumbwa na Operesheni Sangara ya 2018 dhidi ya uvuvi haramu, na wafanyabiashara wa mabondo wanaojua bei ya China kuliko profesa wangu. Mkataba mpya wa WTO unaokataza ruzuku mbaya za uvuvi ulianza kutumika Septemba 2025, na unahusu bahari tu. Uvuvi wa maziwa haumo. Nani atausimamia wetu? Hilo ni zoezi tosha la kidato cha tano.

Gawieni viti kinyume. Mtoto wa mvuvi awe ofisa anayechoma makokoro, mtoto wa ofisa awe mwenye kokoro. Kisiwa cha Migingo, mmoja aitetee Kenya, mwingine Uganda. Na kwenye maji ya Nile, mwanafunzi hodari kuliko wote wa Igogo apewe Misri.

Nitakuwa nyumbani mwezi wa saba. Mwalimu yeyote wa sekondari za Igogo, au wa SAUT pale Malimbe, anayetaka darasa lake lijaribu, amwachie mjomba ujumbe. Karatasi za zoezi la sangara nimekwisha kuziandika upya kwa Kiswahili, nitazileta mwenyewe, na sidai hata nauli.



Mtoto wenu,
Geneva