Injini Haijachoka, Haijapimwa

Na Rehema Mkwizu

Jumapili mbili zilizopita, jua likiwa bado nyuma ya Uluguru, niliisukuma Honda ya marehemu baba kutoka kibarazani hadi chini ya mwembe, nikafungua kifuniko cha juu ya silinda, nikajaribu kupitisha kijisu cha fila geji kwenye tapeti ya ekzosi. Hakikupita. Nikachukua kile chembamba kuliko vyote. Nacho kikagoma. Mahali ambapo kitabu cha pikipiki hii kinataka nafasi ya milimita 0.08, hapakuwa na nafasi hata ya unywele.

Ugonjwa wote wa tangu Februari ulikuwa hapo. Asubuhi Honda ilikuwa inawaka kwa kiki ya tatu au ya nne, inazunguka mjini Morogoro bila shida, lakini ikishapata moto kwenye barabara ya Iringa inaanza kumisi. Nikisimama Sangasanga, kwenye njia panda ya kwenda Mgeta, haiwaki tena mpaka ipoe. Niliipeleka kwa fundi. Akabadilisha plagi. Wiki iliyofuata akabadilisha koili. Baadaye kabureta nzima. Safari ya mwisho akabonyeza kiki kwa mkono, akasikia ilivyo nyepesi, akanipa hukumu: “Dada, hii injini imechoka. Tuishushe.”

Kushusha injini si neno dogo. Ni kuchonga silinda, kununua pistoni na ringi, gasketi, sili, na kuomba Mungu kila kitu kirudi mahali pake. Nilikuwa nimekwisha kulipa shilingi 140,000 kwa vifaa ambavyo leo najua havikuchukua nafasi ya kitu chochote kibovu. Hata hivyo fundi huyo simlaumu peke yake, na sababu nitaieleza mbele kidogo.

Kwanza tuelewane kuhusu tapeti. Valvu ya ekzosi ndiyo inayopitiwa na moshi wa moto kila injini inapopumua. Kadiri miaka inavyokwenda, valvu na kiti chake vinalika, valvu inazama kidogo kidogo ndani ya kiti, na ule mpini wake unapanda juu kuelekea kwenye roka, ule mkono unaousukuma. Nafasi inapungua. Watu wengi wanadhani tapeti hulegea tu na kupiga kelele. Kumbe inayoua injini ni ile inayobana, maana haina kelele. Injini ikipata moto mpini unarefuka, nafasi inakwisha, na valvu inabaki wazi kiasi kisichoonekana kwa macho. Mgandamizo unavuja, kiki inakuwa nyepesi, nguvu inakimbia mlimani. Ningeendelea kuiendesha hivyo, valvu ingeungua, na hapo kweli injini ingeshushwa.

Ubaya ni kwamba ringi zilizokwisha nazo hutoa dalili hizo hizo. Kiki nyepesi, uwakaji mgumu, nguvu haba. Ndiyo maana haifai kukisia. Lakini ipo njia ya kuzitofautisha, na haihitaji zaidi ya kijiko cha chai. Fungua plagi, mimina kijiko kimoja cha oili ndani ya silinda, rudisha plagi, bonyeza kiki. Ikiwa imekuwa nzito ghafla, oili imeziba kwenye ringi, basi ringi ndizo zenye tatizo. Ikibaki nyepesi kama ilivyokuwa, tazama valvu. Honda yangu ilibaki nyepesi. Tena haikuwa ikitoa moshi wa bluu wala kupunguza oili, na hilo peke yake lilitosha kumfanya mtu asite kabla ya kutamka neno “ringi”.

Baba aliinunua pikipiki hii mwaka 1982, akiwa bwana shamba. Ni CG125, aina ambayo Honda waliitoa mwaka 1976 kwa ajili ya nchi kama zetu, wakijua kwamba huku pikipiki hubeba kuliko inavyotakiwa na oili hubadilishwa mwenye nayo anapokumbuka. Kamshafti hawakuiweka juu ya silinda, ambako huhitaji oili safi wakati wote. Waliishusha chini, ikazungushwa kwa gia, na fito mbili zikapanda kusukuma roka. Kwa hiyo hakuna cheni ya taimingi ya kulegea. Cheni ya nyuma wakaifunika yote ndani ya bati isile vumbi na matope. Silinda ni 124 sentimita za ujazo, pistoni ina kipenyo cha milimita 56.5, na oili isiyozidi lita moja inahudumia injini, klachi na gia kwa pamoja. Injini hiyo nyepesi ilimpandisha baba Mgeta kwenye mashamba ya kabeji na viazi, nyuma kuna mfuko wa mbegu na mara nyingi mkulima mmoja.

Wanaonisimamisha barabarani huuliza spea ninatoa wapi. Jibu ni kwamba ukoo wa pikipiki hii umejaa mitaani. Pikipiki nyingi za Kichina zilizoingia nchini kuanzia miaka ya 2000 zina injini iliyonakiliwa kutoka CG125. Pistoni, ringi, gasketi, nyaya za klachi, vyote vinapatikana Kariakoo na hapa Morogoro, na vingi vinaingia bila kupiga tupa. Hii ni bahati kubwa ambayo mwenye pikipiki nyingine ya umri huu hana. Lakini kuingia mahali si sawa na kufaa. Kile kitundu chembamba cha kupitisha petroli ndani ya kabureta mpya niliyowekewa hakikulingana na cha Honda, na pikipiki ikaanza kuzima kila niachiapo moto kwenye kona. Nilifanikiwa kuidai ile ya zamani, nikaiosha kwa petroli, nikaipuliza kwa upepo. Nasema kwa upepo. Nimeona watu wakizibua vitundu hivyo kwa waya wa kopa au sindano, na kitundu kikishapanuka hakirudi. Tangu siku hiyo pikipiki inakunywa mafuta na hakuna anayejua kwa nini.

Koili sikuipata. Ilikuwa imeshatupwa. Koili ya Kijapani iliyofanya kazi miaka 40 bila kulalamika, ikatupwa kwa sababu ya tapeti. Linaniuma mpaka leo, na kama kuna jambo moja ningemwomba msomaji mwenye pikipiki ya zamani alitekeleze kesho asubuhi, ni hili: kifaa chochote kinachovuliwa kwenye pikipiki yako, rudi nacho nyumbani. Hata kama ni kibovu, kitakufaa kulinganishia.

Nyumbani ndipo mahali pa kupimia, kwa sababu tapeti hupimwa injini ikiwa baridi kabisa, na injini iliyolala nyumbani usiku kucha ndiyo iliyo baridi kabisa. Kwa fundi utafika na injini ya moto, na fundi hana saa nne za kuisubiri ipoe. Unafungua kifuniko cha upande wa kushoto, unazungusha gurudumu la sumaku kinyume cha mwendo wa saa mpaka alama ya T isimame kwenye mstari wake. Roka zote mbili zicheze. Kama hazichezi, pikipiki iko kwenye pumzi nyingine. Zungusha duara moja zaidi. Kisha legeza nati, pitisha kijisu cha 0.08, kaza kibolti mpaka uhisi kijisu kinaburutika kidogo, kaza nati, halafu pima tena. Hapo kwenye kupima tena ndipo wengi wanaporuka, na nati ikikazwa hupenda kuhama na kibolti. Karatasi ya kawaida ya ofisini ina unene wa takriban milimita 0.1, kwa hiyo nafasi tunayoizungumzia ni nyembamba kuliko karatasi. Hakuna jicho wala kidole kinachoweza kuikisia, hata kiwe cha fundi wa miaka 30.

Pointi nazo ni hivyo hivyo. Pikipiki yangu ni ya volti 6 na inawaka kwa pointi, vile vipande viwili vya chuma vinavyogusana na kuachana ili cheche itoke. Nafasi yake ni kati ya milimita 0.3 na 0.4. Ule mguu wa kuteleza ukilika, nafasi inapungua na cheche inachelewa, injini inakuwa nzito na kupata moto mno. Mafundi vijana hawajakutana nazo, kwa kuwa pikipiki za sasa hazina, na mara nyingi nimeshauriwa nizing'oe niweke mfumo wa kisasa. Sijakataa kwa sababu ya mapenzi ya vitu vya kale. Nimekataa kwa sababu pointi ninaweza kuzisugua kwa msasa laini na kuziseti mwenyewe nikiwa kando ya barabara ya Mgeta, ambako hakuna duka.

Na skrubu! Skrubu za kichwa cha nyota za Wajapani hazifanani na nyota ya bisibisi tunazouziwa. Bisibisi ya kawaida inakaa juu juu, ukiizungusha kwa nguvu inaruka na kula kichwa. Tazama pikipiki yoyote ya zamani, utaona skrubu za kifuniko cha injini zimelika kama karanga zilizotafunwa. Tafuta bisibisi yenye nyota ya Kijapani, au ile ya kugonga kwa nyundo inayozunguka yenyewe inapopigwa.

Sasa nirudi kwa fundi. Katika safari nne nilizokwenda kwake, sikumlipa hata mara moja kwa kuangalia. Nilimlipa kwa kufunga plagi, kwa kufunga koili, kwa kufunga kabureta. Siku ambayo angekaa nusu saa akachunguza, akaniambia “hakuna kifaa cha kununua, ni kuseti tu”, ningempa nini? Pengine asante. Tumejenga soko ambalo fundi anakula kwa kubadilisha, si kwa kufikiri, halafu tunashangaa anapobadilisha. Daktari tunamlipa kabla hajaandika dawa, hata akitwambia tuko wazima. Fundi tunataka atupime bure, na upimaji wa bure unakuwa wa kubonyeza kiki mara mbili na kutoa hukumu.

Dereva wa bodaboda atanijibu kwamba yeye ana hesabu ya kumpelekea tajiri jioni, na pikipiki ikisimama nusu siku, hesabu haisimami. Ana haki. Kwa mtu wa aina hiyo, kutupia kifaa kipya na kuondoka kunaweza kuwa nafuu kuliko kukaa kijiweni. Ila tapeti za pikipiki yake zinahitaji dakika 20 za alfajiri kabla hajatoka, na pikipiki yake nayo itazeeka. Wenye pikipiki za zamani hatuna kisingizio hicho. Sisi tuna muda, na vifaa tunavyovitoa kwa kukisia havitengenezwi tena.

Nilipomaliza kuseti, niliingia ndani kutafuta mahali pa kuandika. Mama akanitolea daftari la baba la kazi. Kurasa za mbele ni mvua. Kila siku saa tatu asubuhi alikuwa akisoma kipimo cha mvua na kuandika milimita, hata siku ambazo hakikunyesha kitu aliandika sifuri. Nikageuza kurasa za nyuma. Kwa mwandiko ule ule, tarehe, kilomita, kisha: tapeti 0.08, pointi 0.35, oili. Safu nzima mpaka mwaka 1997, alipoacha kuiendesha. Tangu pale hakuna aliyepima, na mimi nimeiendesha miaka sita nikimwuliza kila mtu isipokuwa daftari. Mtoto wa kaka yangu, ambaye ana miaka 14 na alikuwa amenishikia tochi asubuhi yote, aliniuliza, “Shangazi, naandika chini yake au tuanze ukurasa mpya?” Nikamwambia aandike chini yake.

Kiki ilikuwa nzito mpaka ikausukuma mguu wangu juu. Iliwaka kwa kiki ya pili. Nikaipandisha mpaka Sangasanga, nikaizima kwa makusudi ikiwa ya moto, nikanywa chai, nikaiwasha.

Jumatano iliyopita nilipita kwa yule fundi, kwa sababu nilisikia mkwaruzo kwenye gurudumu la mbele. Nilimweleza habari ya tapeti. Alichukua fila geji, akavifungua kimoja kimoja vile visu, akakisoma cha 0.08 karibu na jicho, akanyamaza kidogo. Kisha akaiweka Honda kwenye stendi, akanyanyua gurudumu, akalizungusha polepole huku ameshika ekseli kwa vidole, akalitikisa kulia na kushoto, akalizungusha tena. Alichukua muda mrefu kuliko nilivyomzoea. “Beringi nzima, dada. Ni kiatu cha breki kimeshika vumbi. Usinunue kitu.” Alilifungua, akalisafisha, akalirudisha.

Nilimpa shilingi 5,000 za kusafisha, nikaongeza 5,000 nyingine. Alizishika bila kuzitia mfukoni, akauliza hizi za pili ni za nini. Nikamwambia ni za kuangalia.