Mwanagenzi Naye Hula

Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Neno hili tumelizoea hata tumesahau kulipima. Leo nataka kulipima kwa kisa kilichonipata mimi mwenyewe, kisha wasomaji waniambie kama mizani yangu imepotoka.

Miaka michache iliyopita jirani yangu mmoja, mama mjane wa hapa Mji wa Kale, Mombasa, alinijia barazani baada ya sala ya alasiri. Mkononi alikuwa na simu, na ndani ya simu mna barua ya bintiye aliyekuwa akisoma chuo kikuu huko Marekani kwa ufadhili. Binti amepata nafasi ya uanagenzi, miezi mitatu ya likizo, katika jumuiya moja isiyofanya biashara. Kazi ya jumuiya ile ni kuwaelimisha raia wa mji mambo ya ulimwengu, na kuwapokea wageni watokao nchi za mbali. Siku za kazi ni tano kwa juma. Mshahara hakuna, nauli hakuna, chakula hakuna. Mama akaniuliza, "Kaka, nimwambieje mwanangu?"

Nikamjibu papo hapo, bila ya kufikiri. "Mwambie akubali. Mwanagenzi halipwi. Sisi chuoni tulimtekea mwalimu maji na tukamwokotea kuni, na ndiko tulikohitimu." Yule mama akashukuru akenda zake. Jawabu langu lilikuwa jepesi siku ile, lakini baadaye limenielemea.

Yafaa kwanza msomaji azijue jumuiya hizi. Marekani ina miji mingi yenye mabaraza ya mambo ya ulimwengu, na asili ya mabaraza hayo huhesabiwa tangu mwaka 1918, vita vikuu vya kwanza vilipokuwa vikimalizika. Mwaka 1940 serikali ya nchi hiyo ilianza kuwaalika wageni kutoka Amerika ya Kilatini, na mpango ule ukapanuka mpaka ukaenea dunia nzima. Anwar Sadat alialikwa mwaka 1966, kabla hajawa rais wa Misri. Margaret Thatcher alialikwa mwaka 1967, miaka kumi na miwili kabla hajawa waziri mkuu wa Uingereza. Wageni wa namna hii hawakai mji mkuu tu. Huzungushwa miji kadha wa kadha, na katika kila mji wanaowapokea ni raia wa kawaida, ambao huwaalika hata majumbani mwao kula nao chakula cha jioni.

Mwezi wa Septemba 1956 Rais Eisenhower aliitisha mkutano katika Ikulu yake kuhimiza jambo hilo hilo, kwamba amani haiwezi kuachiwa serikali peke yake, na kwamba watu wa kawaida nao wajuane na wenzao. Katika juhudi zile ndimo ulimokulia mpango wa miji ndugu. Sisi wa Mombasa tumo: mji wetu na mji wa Seattle wamekuwa ndugu tangu mwaka 1981. Jambo hili ndilo wanaloliita ubalozi wa raia. Mtu hana cheo wala bendera kwenye gari, lakini anaiwakilisha nchi yake kwa salamu yake na sahani yake.

Nionavyo mimi, huo ni wema. Sisi Waislamu hatuna haja ya kufundishwa umuhimu wake, kwani Sura ya Hujurat imetueleza kwamba tumefanywa mataifa na makabila ili tujuane. Wala si jambo geni kwa pwani yetu hii. Mwaka 1331 msafiri Ibn Batuta alifika Mogadishu kabla ya kuteremkia Mombasa na Kilwa. Ameeleza kwamba chombo kilipotia nanga pale, vijana wa mji walikitokea kwa mashua ndogo ndogo, kila mmoja na sahani ya chakula iliyofunikwa. Kijana humwendea mfanya biashara mmoja, akamkabidhi sahani, akatangaza kuwa huyu ndiye mgeni wake. Basi mgeni yule hushukia nyumbani kwa kijana yule, na mwenyeji wake humsaidia kuuza na kununua.

Watazame vijana wale kwa makini. Ndio wanagenzi wa kwanza wa ubalozi wa raia tunaowajua katika pwani ya Afrika ya Mashariki. Walikuwa wakijifunza lugha za watu, biashara za watu na tabia za watu. Lakini sahani waliyoichukua ilitoka jikoni kwa wazee wao, na faida ya mgeni ilirudi nyumba ile ile. Mwenye nyumba hakumtuma kijana baharini na njaa ili mgeni ashibe.

Narudi kwa binti wa jirani yangu. Alikubali, kwa ushauri wangu. Kazi zake zilikuwa hizi: kuandika habari za kila mgeni kwa ufupi, kupanga nani ataonana na nani na saa ngapi, kupiga simu kutafuta nyumba za kuwakaribisha wageni kwa chakula, kupanga viti siku ya mhadhara, na kusimama mlangoni na orodha ya majina. Hapana kazi ya kudharauliwa humo. Anayeifanya miezi mitatu hujifunza jinsi ulimwengu unavyoendeshwa kuliko anayesoma vitabu mwaka mzima.

Juma la nne walikuja wageni watano, na watatu wao walikuwa Waislamu. Mwenyeji wao, mama mmoja mtu mzima na mwenye roho njema, alikuwa amekwisha andaa nyama ambayo sisi hatuili. Hakujua. Binti alimpigia simu siku tatu kabla, akamweleza kwa adabu, na yule mama akapika samaki. Kisha akamwomba aweke kopo la maji msalani, na apange nafasi ndogo safi ya kusalia, maana katika miji ya kaskazini siku za kiangazi jua huchelewa kutua mpaka kiasi cha saa tatu usiku, na wageni wangekuwa bado mezani maghribi inapoingia. Usiku ule mmoja wa wageni, mzee wa makamo, alimwuliza, "Umeyajuaje yote haya?" Akamjibu, "Nimelelewa Mombasa."

Mkuu wa jumuiya alimsifu mbele ya watu. Sifa zile hazikulipa kodi ya chumba. Viza ya mwanafunzi haimruhusu mtu kufanya kazi popote atakapo nje ya chuo chake, basi hata kuosha vyombo hotelini jioni hakuweza. Alikuwa akienda kazini kwa miguu, asubuhi amekunywa chai na mkate, na mchana hali. Juma la sita akaandika barua ya kuomba radhi, akaacha. Nafasi yake akapewa kijana wa mji ule ule ambaye baba yake ana nyumba na gari. Sina neno na kijana huyo. Nasikia alikuwa mwenye bidii na heshima. Lakini hakujua habari za kopo la maji.

Habari hizi nilizisikia kwa binti mwenyewe aliporudi nyumbani kumwona mamake. Hakunilaumu. Nilijilaumu mwenyewe, nikaanza kuupima ule mfano wangu wa chuoni.

Ni kweli tulimtekea mwalimu maji. Lakini kila mtoto aliteka, wa tajiri na wa masikini. Ada ilikuwa kadiri ya uwezo wa mzazi, na yatima alisoma bure. Anayeshinda pale kutwa alikula katika chungu cha mwalimu. Ama kwa fundi seremala, mwanagenzi wake alikuwa hana mshahara, lakini adhuhuri alikaa sinia moja na fundi, na siku ya kufuzu alipewa patasi na msumeno. Kwa hiyo uanagenzi wa kwetu haukuwa kazi ya bure. Malipo yake hayakuwa fedha tu. Nilichukua nusu ya mila nikaiacha nusu, na ile niliyoiacha ndiyo iliyokuwa na chakula.

Isitoshe, huko Marekani mwanafunzi mara nyingi hutakiwa uanagenzi wake uhesabiwe katika masomo, na masomo yakihesabiwa chuo hutoza ada. Maana yake ni kwamba mtu anatoa fedha ili apate ruhusa ya kufanya kazi isiyolipwa.

Wala si jumuiya ndogo tu. Mwezi wa Agosti 2015 magazeti ya ulimwengu yalijaa habari za kijana wa miaka 22 kutoka New Zealand, mwanagenzi wa Umoja wa Mataifa mjini Geneva, aliyekuwa akilala ndani ya hema karibu na ziwa kwa kuwa kazi yake haikuwa na malipo na mji ule una gharama kubwa. Yeye mwenyewe alikiri kuwa alitaka pia watu walione jambo lile. Na wakaliona. Shirika la Afya Duniani, ambalo lilikuwa haliwalipi wanagenzi wake, lilianza kuwapa posho mwaka 2020. Ikulu ya Marekani, yenye mabilioni mkononi, ilianza kuwalipa wanagenzi wake mwaka 2022 tu. Ikiwa wakubwa walikuwa hivyo, ya wadogo yatakuwaje?

Watu wataniambia: jumuiya hizi ni masikini, zinaishi kwa michango, zikilazimishwa kulipa zitafunga milango. Hoja hii ina uzito, na sitaki kuipuuza. Lakini aliye masikini huchukua mzigo kadiri ya mabega yake. Anayeweza kulisha mmoja asiite sita. Afadhali mwanagenzi mmoja aliyepewa nauli na chakula cha mchana, kuliko sita wanaotoka nyumba za namna moja. Na kama fedha ya kukodi ukumbi na kupamba meza ya karamu inapatikana, hapana budi chakula cha yule aliyevipanga viti kipatikane.

Jambo hili lina madhara makubwa kuliko njaa ya mtu mmoja. Mwanagenzi wa leo ndiye ofisa wa kesho. Aliyesimama mlangoni na orodha ndiye baadaye atakayekuwa mkuu wa jumuiya, mshauri wa waziri, au balozi hasa. Mlango wa kwanza ukipitwa na wenye baba tajiri tu, hata milango ya mbele itapitwa na wao tu. Hapo utakuwa umebaki ubalozi wa raia wenye nafasi, na raia wengine wataendelea kuwakilishwa na watu wasiowajua. Jumuiya iliyoundwa ili watu wajuane itakuwa yenyewe haiwajui watu wa mji wake.

Tusiwanyoshee kidole Wamarekani tukajisahau. Hapa petu wanafunzi wanaopelekwa maofisini kujifunza kazi huzurura bila ya nauli ya matatu. Wengine hutumwa chai na maandazi tu tangu Januari mpaka Machi, kisha wakapigiwa muhuri kwamba wamefuzu. Hata sisi watu wa magazeti tumo. Nimepata kumwona mwanafunzi akiandika habari iliyotoka ukurasa wa mbele, na yeye akarudi kwao kwa miguu. Nilimwona, nikanyamaza. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, ametuusia tumpe mfanya kazi ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Hakusema tumpe barua ya sifa.

Basi natoa ushauri wa aina tatu. Kwanza, kila ofisi au jumuiya inayoita mwanagenzi imtengee nauli na chakula, kabla haijatangaza nafasi. Pili, iandike katika barua atajifunza nini na nani atamfunza, ili asiwe mtumishi aliyebandikwa jina zuri. Tatu, sisi wenye mji tuwe na nia ya kushiriki. Mombasa hushukiwa na wageni kila siku, kwa meli na kwa ndege, na ina ndugu zake ng'ambo. Matajiri wetu hufutarisha watu wengi mwezi wa Ramadhani, Mola awazidishie. Mmoja wao akijitolea kumlisha na kumpa malazi kijana mmoja kwa miezi mitatu, atakuwa amerudisha ile sahani ya mashua aliyoiona Ibn Batuta.

Juzi nilikwenda kwa yule jirani yangu nikamwomba radhi kwa ushauri wangu. Alicheka. Akaniambia bintiye amekwisha maliza masomo na anafundisha, na kila wanafunzi wake wanapopewa nafasi ya uanagenzi huwauliza swali moja kabla ya kuwapongeza: "Utakula wapi?" Nilirudi barazani nikaandika ubeti huu, nikauacha hapa kwa wote wanaoita wanagenzi:

Mumtumao kazini, mwanagenzi naye hula,
Shukurani si sahani, iliyojaa chakula,
Mlango wa masikini, mwaufunga pasi hila,
Posho kidogo mpeni, Mola awape fadhila.