JUA HAKI YAKO: Nyumba ni Yako, Kiwanja ni cha Nani?



Mtu wa bara akisikia jambo hili hushangaa. Lakini wewe uliyekulia Malindi, Kisauni au Likoni unalijua tangu utotoni. Huku Pwani ya Kenya nyumba inaweza kuwa ya mtu mmoja, na ardhi iliyo chini yake ikawa ya mtu mwingine.

Mwenye nyumba amejenga kwa fedha zake. Kuta ni zake. Milango ni yake. Paa ni lake, liwe la makuti au la mabati. Anaweza kuipangisha nyumba, kuwarithisha watoto wake, au kuiuza. Lakini kila mwezi au kila mwaka hulipa ijara ya kiwanja kwa mwenye ardhi.

Desturi hii ni ya zamani. Hata mnazi huweza kuwa na mwenyewe, na shamba likawa na mwenyewe mwingine. Sheria iliyoletwa na Waingereza haisemi hivyo. Hiyo husema kwamba kitu kilichoshikamana na ardhi ni sehemu ya ardhi. Mahakama za Kenya zimeitambua desturi ya Pwani katika baadhi ya kesi. Hata hivyo, kesi ni gharama, na kesi za ardhi huchukua miaka mingi.

Kwa nini watu wengi wana nyumba lakini hawana hati ya ardhi? Sababu moja ni hii. Mwaka 1908 serikali ya Waingereza ilitunga sheria ya hati za ardhi ya Pwani. Kila aliyedai ardhi katika ukanda wa maili 10 kutoka baharini alitakiwa apeleke madai yake. Waliopeleka na kukubaliwa walipata hati. Wengi hawakupeleka. Kusoma hawakujua, na wengine habari haikuwafikia. Ardhi ambayo haikudaiwa ikawa ya serikali. Wajukuu wa watu hao bado wanakaa palepale.

Sasa tuje kwenye kununua. Tuseme kijana mmoja anatafuta nyumba. Dalali anampeleka kwa mzee mmoja. Nyumba ni nzuri. Ina vyumba sita, ukumbi katikati, na ua nyuma. Bei ni rahisi kuliko alivyotazamia.

– Shikamoo, mzee.

– Marahaba, mwanangu. Karibu.

– Mzee, nyumba nimeipenda. Je, nitanunua nyumba pamoja na kiwanja?

– La, mwanangu. Kiwanja kina mwenyewe. Mimi nalipa ijara. Risiti hizi hapa.

Mzee huyu ni mwaminifu. Amesema kweli mara alipoulizwa. Wako wauzaji wasiosema mpaka waulizwe. Na dalali ndiye anayenyamaza zaidi, kwa sababu yeye hupata fedha zake siku nyumba inapouzwa. Yatakayokuja baadaye si yake.

Kijana huyu akinunua, atakuwa amenunua kuta na paa, na nafasi ya kuendelea kulipa ijara. Mwenye ardhi anaweza kupandisha ijara. Anaweza kumkataza asijenge ghorofa. Anaweza kumwuzia mtu mwingine ardhi yote, na huyo mpya akataka watu waondoke. Tena benki haitamkopesha kwa dhamana ya nyumba hiyo, kwa kuwa hana hati ya ardhi.

Wengine hujipa moyo wakisema, "Nimekaa hapa miaka 30, ardhi sasa ni yangu." Hapa watu wengi hukosea. Ni kweli kwamba sheria ya Kenya inataja miaka 12. Mtu aliyekaa kwenye ardhi ya mtu binafsi kwa miaka 12 mfululizo, waziwazi, bila ruhusa ya mwenyewe, anaweza kwenda mahakamani kuidai. Yasome tena maneno hayo: bila ruhusa. Wewe unayelipa ijara umekaa kwa ruhusa. Hata ukikaa miaka 50, hesabu yako haijaanza. Na ardhi ya serikali haipatikani kwa njia hii kamwe.

Je, kijana asinunue? Si lazima aache. Watu wengi wameishi vizuri katika nyumba za namna hii na kulea watoto wao humo. Lakini kabla ya kutoa hata shilingi moja, yeye na mzee waende pamoja kwa mwenye ardhi. Aulize ijara ni kiasi gani. Aulize kama kuna malipo ya kubadilisha jina, maana wengine huyadai. Aulize kama anaruhusiwa kujenga kwa mawe au kuongeza vyumba. Majibu yote yaandikwe, na mwenye ardhi atie sahihi kwamba amemkubali mwenye nyumba mpya. Mwenye ardhi naye aonyeshe hati yake. Wako watu wanaopokea ijara ya ardhi isiyo yao.

Nambari iliyo kwenye hati ipelekwe ofisi ya ardhi. Huko daftari la serikali litaonyesha jina la mwenye ardhi, na kama ardhi imewekwa rehani benki. Hati nzuri yenye muhuri haitoshi. Muhuri hutengenezwa hata uchochoroni.

Ukinunua nyumba pamoja na ardhi yake, yako mengine. Mapatano ya ardhi lazima yaandikwe. Wauzaji na wanunuzi watie sahihi mbele ya mashahidi. Neno la mdomo halitoshi, hata kama wazee kumi walisikia. Kama ni shamba, mwombe kibali Bodi ya Ardhi kabla miezi 6 haijapita tangu mlipopatana, la sivyo mapatano hayana nguvu. Mnunuzi pia hulipa ushuru wa serikali: shilingi 4 kwa kila 100 mjini, na shilingi 2 kwa kila 100 mashambani. Na kama nyumba ni ya mume na mke, mmoja hawezi kuiuza peke yake. Sheria ya mwaka 2013 inataka wote wawili wakubali. Kwa hiyo usione haya kumwuliza mzee, "Na mama naye anasemaje?"

Habari za ploti za kando ya bahari, ambazo wageni wasio raia hukodi kwa muda usiozidi miaka 99, tutaziacha leo.

Na wewe unayekaa tayari katika nyumba ya ijara, tunza risiti zako zote. Ziweke pamoja mahali pakavu. Mwenye ardhi akikataa kutoa risiti, lipa kwa simu au benki ili alama ya malipo ibaki. Mtu hawezi kuja asubuhi na tingatinga akavunja. Tangu mwaka 2016 sheria inasema kwamba hata mtu anayekaa kwenye ardhi ya mwingine bila haki apewe kwanza notisi ya maandishi ya miezi 3 au zaidi, naye anaweza kwenda mahakamani kabla muda huo haujaisha. Ukisikia kwamba ardhi itauzwa, usingoje notisi. Kutaneni majirani wote, mchague watu watatu wanaoaminika, waende kwa mwenye ardhi wamwulize kama atawauzia ninyi kwanza. Sheria haimlazimishi kukubali. Lakini majirani 40 wakichanga pamoja wanaweza kufikia bei ambayo mmoja peke yake hawezi.