Kilimi kilichokatwa

Na Mama Zuhura

Kipo hapa mezani ninapoandika. Kibati cha chuma kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba, kimepinda kama ndoana, mgongo wake umeota kutu na ncha inang'aa kwa kusuguliwa. Nilikiokota Alhamisi kwenye mchanga uliolowa oili, chini ya mwarobaini, katika gereji moja ya mtaani kwetu Mwananyamala, mara tu fundi alipokikata kwa plaizi na kukitupa. Tangu siku hiyo nimekasirika na sijapoa.

Gari ni Noah ya jirani yangu. Kila asubuhi saa kumi na mbili kasoro robo hupita kukusanya watoto wa shule, na mjukuu wangu ni mmoja wao. Wiki mbili hizi breki za mbele zilikuwa zinalia. Akifika kwenye tuta lililo mbele ya nyumba yangu, mlio mwembamba kama wa filimbi unaamsha nyumba nzima.

Mimi nilikuwa gereji kumwaga oili. Jirani akaingia, akateremsha kioo, akasema, "Fundi, niondolee hii kelele."

Hakusema niangalizie breki. Alisema niondolee kelele.

Fundi akapiga jeki, akafungua tairi, akachomoa pedi. Nilisogea nikaiona. Pedi mpya huwa na milimita kumi hivi, wakati mwingine kumi na mbili, za ile sehemu nyeusi inayobana diski. Hii ilibaki nene kama sarafu. Pembeni yake kilikuwepo hicho kilimi. Mtengenezaji hukiweka makusudi: pedi ikiisha hadi kubaki milimita mbili au tatu, kilimi kinaigusa diski na kuanza kulia, ili hata dereva asiyejua kitu kuhusu magari asikie na kwenda kununua pedi. Fundi alikishika kwa plaizi, akakikata, upande wa pili hivyo hivyo, akarudisha pedi zile zile. Kazi ya dakika ishirini. Akalipwa shilingi 10,000.

"Mwanangu, hiyo pedi imekwisha," nikamwambia.

"Mama, bado inasukuma mwezi."

"Na ulichokata?"

"Hako ndiko kanakopiga kelele."

Alinijibu kwa adabu kabisa, na ndiyo maana nimeumia zaidi. Kijana anajua kile kilimi ni cha nini. Amekikata kwa sababu ameombwa, na kesho atakata kingine. Mafundi wanakata vilimi kwa sababu sisi wenye magari tunalipia ukimya. Sababu nyingine hakuna, na asiniletee mtu habari za ugumu wa maisha.

Nimekua naona kazi hii ikifanywa vizuri. Marehemu baba yangu alikuwa na fundi wake Tanga ambaye hakushika spana kabla ya kuuliza. Inalia asubuhi tu au kutwa? Ukikanyaga au hata ukiachia? Ni mlio au ni mkwaruzo? Kisha anapanda gari, anazunguka nalo mtaa mzima kioo kikiwa wazi, sikio nje. Alikuwa na haki ya kuuliza, maana breki zina vilio vingi. Gari likilala nje usiku wa mvua, diski inashika kutu nyepesi. Asubuhi litakwaruza, ukikanyaga mara tatu nne linanyamaza, na hapo hakuna ugonjwa. Pengine ni kokoto imenasa kati ya diski na bati lake la kukinga vumbi. Pengine pedi bado ni nene lakini uso wake umeungua ukawa kama kioo, kama wanavyofanya wanaoshuka Lushoto hadi Mombo mguu juu ya breki badala ya kuweka gia nzito. Hizo husuguliwa msasa, na zikiwa zimeungua sana hutupwa. Au pini za kalipa zimekauka, vibati vya mgongoni mwa pedi vimepotea, basi pedi inatetemeka na kulia. Pale panasafishwa na kupakwa grisi maalumu ya breki, mgongoni na kwenye pini. Usoni haipakwi kamwe. Nimewahi kumwona mtu akidondoshea pedi oili ili zinyamaze. Breki inasimamisha gari kwa msuguano. Oili ikifika pale, kelele inaondoka na msuguano unaondoka nayo.

Mtoto akilia usiku wa manane, mama humshika paji la uso. Hamzibi mdomo.

Nilimfuata jirani kabla hajawasha gari. Akaniambia, "Mama Zuhura, pedi ni 45,000, nitaweka mwisho wa mwezi." Nikamwambia nitamkopesha sasa hivi, fundi yupo, gari lipo. Akapandisha kioo.

Mwisho wa mwezi ni siku kumi na nane. Ile sarafu ikiisha kabla ya hapo, chuma kitasaga chuma, na mlio hautakuwa tena wa filimbi. Utausikia mpaka kwenye nyayo. Diski itachimbika, itabidi ichongwe au inunuliwe nyingine, na 45,000 itaonekana ndogo. Hayo ni ya gari. Watoto wanakaa wamepakatana kiti cha nyuma, na njia yao inakatiza barabara kubwa wakati daladala zinagombania abiria.

Jioni ile nilipiga simu kwa wazazi ninaowafahamu. Mmoja alinishukuru. Wengine walisema hata wao wameona gari limetengenezwa, halilii tena.

Ijumaa asubuhi Noah ilivuka tuta bila sauti, ikasimama mlangoni. Nilitoka nimemshika mjukuu wangu mkono, nikamwambia dereva kwamba huyu leo anakwenda na mimi kwa daladala. Wenzake saba walikuwa ndani, wanaimba. Mlango ukafungwa, wakaondoka.