Tuwape Kidato cha Nne Alasiri Zetu

Kila mwisho wa mwaka, watahiniwa wa KCSE waliochagua somo la Historia na Serikali huketi saa mbili na nusu mbele ya Karatasi ya Kwanza. Sehemu ya mwisho ya karatasi hiyo, Sehemu ya C, ni sheria na utawala mtupu: Katiba, haki za binadamu, Bunge, mahakama, uchaguzi, serikali za kaunti. Kuna maswali matatu, mtahiniwa ajibu mawili, na kila moja lina alama 15. Hizo ni alama 30 kati ya 100, na wengi huzifikia mkono umeshachoka na saa inakimbia.

Nawaandikia ninyi mnaoishi na sheria kila siku: mawakili, makarani wa mahakama, mahakimu na maafisa wa polisi mliostaafu, wasaidizi wa kisheria wa mitaani, wawakilishi wa wadi, machifu, na ninyi mnaosomea sheria vyuoni. Ombi langu ni alasiri chache kabla ya mtihani, katika shule ya sekondari ya kutwa iliyo karibu nawe, ukae na kidato cha nne. Usiende kutoa hotuba ya kuwatia moyo. Nenda uwasaidie kuandika majibu.

Mwalimu wa Historia hana pa kulaumiwa. Yeye huyo mmoja huanza na asili ya binadamu, apite uhamiaji wa jamii zetu, Mkutano wa Berlin wa 1884 hadi 1885, Mau Mau, mikutano ya Lancaster House ya 1960, 1962 na 1963, hadi Umoja wa Mataifa. Mada za utawala zimetawanywa miaka yote minne: uraia kidato cha kwanza, Katiba kidato cha pili, muundo wa serikali kidato cha tatu, ugatuzi na fedha za umma kidato cha nne. Kinachoumia ni uandishi. Darasa la wanafunzi 50 likijibu swali moja tu la alama 15, mwalimu ana majibu 50 ya kusahihisha kwa kalamu nyekundu, na bado ana madarasa mengine. Kwa hiyo anawapa maandishi wakayakariri. Kijana anaingia mtihanini ana daftari zima kichwani, lakini majibu aliyowahi kuandika kikamilifu na kusahihishiwa neno kwa neno ni ya kuhesabu kwa vidole.

Tazameni jinsi alama zinavyopotea. Swali linasema: eleza kazi za Mahakama ya Juu. Kijana anaandika kwamba mahakama hiyo husikiliza kesi. Hapati kitu, kwa sababu hata mahakama ya hakimu kule Kaloleni husikiliza kesi. Akiandika kwamba husikiliza na kuamua kesi za kupinga uchaguzi wa rais, hapo ametaja hoja na amepata alama moja. Akiongeza kwamba kesi hiyo hufunguliwa ndani ya siku 7 baada ya matokeo kutangazwa, na majaji lazima waamue ndani ya siku 14, hoja imeelezwa na alama zimekuwa mbili. Kisha aende kwenye rufaa kutoka Mahakama ya Rufaa, aende kwenye ushauri ambao serikali ya kitaifa au ya kaunti inaweza kuuomba, aende kwenye uwezo wa kuamua kama hali ya hatari imetangazwa kihalali. Tofauti ya kutaja na kueleza ndiyo inayomtenga mwenye C na mwenye B, na haifundishiki kwa kuisema ubaoni mara moja. Inataka mtu aketi na karatasi ya mwanafunzi, aweke kidole kwenye sentensi, amuulize: kwa nini? vipi? toa mfano.

Na mifano mnayo ninyi. Wakili aliyeufuatilia uamuzi wa tarehe 1 Septemba 2017, Mahakama ya Juu ilipoufuta uchaguzi wa rais na kura zikarudiwa Oktoba, akimsimulia kijana kwa dakika tano, kijana huyo hataihitaji tena orodha ya kukariri kuhusu uhuru wa mahakama. Aliyeifuata kesi ya BBI, ule mpango wa kurekebisha Katiba, kutoka Mahakama Kuu Mei 2021, ikaenda Rufaa Agosti mwaka huohuo, ikafika Mahakama ya Juu Machi 2022, ana mkononi somo zima la ngazi za mahakama na la njia za kurekebisha Katiba, pamoja na ile ya kukusanya saini milioni moja iliyomo katika Kifungu cha 257.

Mada inayonigusa kuliko zote ni haki za mtu aliyekamatwa. Kifungu cha 49 kinasema afikishwe mahakamani haraka iwezekanavyo, na isizidi saa 24. Vijana wanaikariri hiyo vizuri. Lakini mwulize darasani: polisi wakimshika kakako Ijumaa jioni, ataonana na hakimu lini? Watasema Jumamosi jioni, na wengine watanyamaza, maana wameona mtaani kwao kwamba mambo hayaendi hivyo. Kila mtu anaijua kamata kamata ya Ijumaa. Kifungu hichohicho kinaeleza kwamba saa 24 zikiisha nje ya saa za mahakama, au siku isiyo ya mahakama, basi mtu afikishwe kabla ya siku ya mahakama inayofuata kwisha. Kwa hiyo aliyeshikwa Ijumaa jioni anaweza kulala seli hadi Jumatatu bila kifungu hicho kuvunjwa. Karani wa mahakama anayaona hayo kila Jumatatu asubuhi. Akilieleza darasa, watahiniwa watapata alama zao, na watatoka wakijua pia kwamba dhamana ya polisi hailipiwi, kwamba aliyekamatwa ana haki ya kunyamaza na haki ya kuwasiliana na wakili. Kijana wa miaka 18 anayetembea usiku kutoka kibaruani anahitaji maarifa hayo kabla hata ya Novemba.

Hii ndiyo sababu sikubaliani na wanaosema mtihani ni karatasi tu. Somo hili ndilo la mwisho la sheria ambalo vijana wetu wengi watawahi kufundishwa. Wachache wataendelea hadi kitivo cha sheria, ambako huhitajika wastani wa C+ na angalau B katika Kiingereza au Kiswahili. Waliobaki watakuwa wapangaji, waajiriwa, madereva wa bodaboda, akina mama wenye mashamba yasiyo na hatimiliki, wapiga kura. Watakachokielewa darasani kuhusu Kifungu cha 40 cha mali au cha 43 cha afya, maji na elimu ndicho watakachokwenda nacho ofisi ya chifu.

Sisi wa Pwani tuna deni la pekee. Swali kuhusu mahakama za kadhi linaweza kutokea mwaka wowote, na mtoto wa Mombasa, Lamu au Kwale anapaswa kulijibu kwa raha. Kifungu cha 170 kinazipa mahakama hizo mamlaka juu ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, pale ambapo wahusika wote ni Waislamu na wamekubali kesi isikilizwe huko. Nyuma yake kuna historia yetu wenyewe: ukanda wa Pwani uliokuwa chini ya Sultani wa Zanzibar, na makubaliano ya Oktoba 1963 yaliyouunganisha na Kenya, ambapo Kenya iliahidi kuzilinda mahakama za kadhi. Kadhi mstaafu au karani wake akiketi na darasa saa moja, hapo Historia na Serikali vinakutana katika jambo moja. Tumewaachia watoto hawa wayasome haya kama habari za nchi ya mbali, na mahakama iko hatua chache kutoka nyumbani kwao.

Kuna suala la lugha pia. Mtihani ni wa Kiingereza. Lakini kufahamu si lazima kuanze kwa Kiingereza. Katiba ya 2010 ipo kwa Kiswahili, na Kifungu cha 7 kinazitambua lugha zote mbili kuwa rasmi. Someni nao kifungu kwa Kiswahili, wabishane kwa Kiswahili, mtu atoe kisa cha shangazi yake, kisha waandike jibu kwa Kiingereza. Utashangaa jinsi mwanafunzi aliyekuwa kimya miaka mitatu atakavyotetea hoja yake akiruhusiwa kuifikiri kwanza kwa lugha anayoiota.

Sasa nawaomba mawakili mnisikilize kwa makini, kwa sababu msaada wenu unaweza pia kudhuru. Mtahini hasahihishi hotuba ya mahakamani. Anafuata mwongozo wa kusahihisha wenye hoja fupi zinazotokana na silabasi. Ukimjaza kijana maneno ya Kilatini na hukumu za Uingereza, atajaza kurasa mbili bila kupata alama. Kwanza mwombe mwalimu akuonyeshe mada na miongozo ya miaka iliyopita, uisome nyumbani, ndipo uje. Mwalimu aongoze, wewe usaidie. Kaeni darasani mlango ukiwa wazi na mwalimu akiwa ndani, na mambo yote yapitie kwa mwalimu mkuu. Hakuna haja ya mtu mzima kubadilishana namba za simu na wanafunzi.

Msaada huu uwe wa bure kabisa. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 imepiga marufuku masomo ya ziada wakati wa likizo, na itakuwa aibu sisi tunaokwenda kufundisha sheria tuanze kwa kuivunja. Tumieni saa za vilabu baada ya masomo. Likizo ikifika, maktaba ya umma iko wazi kwa anayependa kwenda kwa hiari yake, bila ada na bila kuandikishwa. Na msikubali hata kwa mzaha maongezi ya kubahatisha maswali. Matapeli wanaouza karatasi za uongo Telegram wamewala wazazi pesa nyingi, na kushika karatasi ya mtihani kabla ya wakati wake ni kosa la jinai chini ya Sheria ya Baraza la Mitihani ya 2012. Kijana aliyejizoeza kuandika hahitaji mwakenya.

Kwa wanaofanya kazi mahakamani, kuna jambo moja lililo ndani ya uwezo wenu kuliko la mtu mwingine yeyote. Kesi husikilizwa hadharani. Darasa la kidato cha tatu au cha nne likiketi nusu siku kwenye viti vya nyuma, likamwona hakimu akimsomea mtu mashtaka, mkalimani akitafsiri, mwendesha mashtaka na wakili wakivutana juu ya dhamana, wanafunzi hao watakuwa wameshuhudia Kifungu cha 50 kikitendeka. Kamati ya Watumiaji wa Mahakama hukutanisha polisi, maafisa wa uangalizi, mawakili na wananchi. Ombeni ziara za shule ziingizwe katika ajenda ya kikao kijacho, na siku zipangwe mapema ili walimu wapate kibali. Kesi za watoto na za dhuluma za kingono zitengwe, bila shaka.

Wazazi, najua wengi wenu mtasema hamkusoma sheria. Hamhitaji. Kijana akirudi jioni, mwambie akueleze kazi ya seneta na tofauti yake na mbunge, wakati unamenya viazi. Akikwama, hapo ndipo pa kurudia. Na wenye maduka ya kutoa kopi: Sura ya Nne ya Katiba, ile ya haki za binadamu, inapatikana bure kwenye tovuti ya Kenya Law. Seti 20 zilizobanwa vizuri na kuachwa kwa mwalimu wa Historia zitatumika miaka kadhaa.

Muda hauko upande wetu. Waliofanya KCPE ya mwisho mwaka 2023 ndio watakaofanya KCSE ya mwisho ya mfumo wa 8-4-4 mwaka 2027. Mfumo ukishafungwa, wanafunzi hao hawatapata nafasi ya kurudia kirahisi kama walivyorudia kaka zao. Nyuma yao wanakuja wa shule ya sekondari ya juu chini ya mtaala mpya, wenye somo la Historia na Uraia, na walimu walewale wachache. Tukijenga desturi hii sasa, wao pia wataikuta imesimama.

Basi chagua shule moja. Kama u wakili, mchukue mwanafunzi wako wa mafunzo muende wawili. Kama unasomea sheria chuoni, nendeni wanne, mgawane karatasi 50 mzimalize alasiri moja, kisha kila mwanafunzi arudishiwe yake ikiwa na maelezo yanayosomeka, aiandike upya, na wiki inayofuata muisome tena. Kama u mwalimu mstaafu wa Historia, wewe ndiye tunayekuhitaji kwanza kabisa, maana unaujua mwongozo wa kusahihisha kuliko sisi sote. Tukusanye, utufundishe sisi kusahihisha. Wiki hii mwone mwalimu mkuu, umuulize darasa limefika mada gani, na ni insha ngapi zinazosubiri kalamu nyekundu.