Mwenye gari ajifunze kubadilisha kioo cha pembeni

Katika miji yetu, kiungo cha gari kinachoumia mapema kuliko vingine ni kioo cha pembeni. Bodaboda inayojipenyeza kwenye foleni inakipiga kwa usukani, bajaji inakikwaruza, nguzo ya geti inakivunja asubuhi mtu anapotoka kwa haraka, na gari likilazwa mahali pasipo na mlinzi, kibaka anakibandua na kutokomea nacho. Kikishaharibika, wenye gari ndogo wengi, iwe ni Vitz, IST au Passo, hufuata njia moja: wanalipeleka gari gereji, wanauliza bei, wanalipa wanachotajiwa, kisha wanarudi nyumbani bila kujua kilichoharibika wala kilichowekwa. Maoni yangu ni kwamba kubadilisha kioo cha pembeni cha umeme ni kazi ambayo mtu mzima mwenye utulivu na vifaa vichache anaiweza akiwa nyumbani kwake, na kwamba kila mwenye gari ndogo anapaswa kuijifunza. Ujira wa fundi unaookolewa ni faida ndogo. Faida kubwa ni kujua ununue nini, kwa nani na kwa bei gani, maana asiyejua kitu kilivyoundwa huamuliwa yote hayo na muuzaji.

Tuanze na umbo lake. Tunachokiita kioo cha pembeni ni mkusanyiko wa vitu kadhaa: kioo chenyewe kilichogundishwa kwenye sahani ya plastiki, mota inayokizungusha, ganda la nje lililopakwa rangi ya gari, na mguu unaoshika mlango. Ile sahani ya plastiki hunasa kwenye mota kwa vishikizo tu, bila skrubu, na hicho ndicho kinachomwezesha mwizi kubandua kioo kwa sekunde chache. Ndani ya kasha la mota mna mota mbili ndogo, moja ya juu na chini, nyingine ya kulia na kushoto, na zote mbili zinatumia nyaya tatu. Kama kioo kinajikunja chenyewe, zinaongezeka nyaya mbili. Kama kina taa ya indiketa, zinaongezeka nyingine mbili. Muuza spea anapouliza kama chako ni cha pini tatu, tano au saba, anauliza jambo hilo hilo. Mteja asiyelijua atanunua kioo cha pini tatu wakati gari lake linataka tano, kisha atalipia kukatwa na kuungwa kwa nyaya ambazo hazikuwa na tatizo lolote.

Maarifa hayo hayo ndiyo yanayomwezesha mtu kutambua ugonjwa kabla ya kununua dawa. Kioo kikiwa kimepasuka lakini mota bado inasikika ikizunguka unapobonyeza swichi, kinachohitajika ni kioo na sahani yake tu, na kukipachika hakuhitaji kufungua mlango. Ganda likiwa na ufa huku mengine yote yakiwa mazima, katika magari mengi ganda hilo huuzwa peke yake. Na vioo vyote viwili vikigoma kwa pamoja, ni nadra sana mota zote kufa siku moja. Mtu aangalie kwanza fyuzi, kisha swichi, na ahakikishe kitufe cha kuchagua kulia au kushoto hakijaachwa katikati, maana kikiwa katikati hakuna kioo kitakachosogea. Anayejua haya hawezi kuuziwa kioo kizima kwa sababu ya fyuzi iliyoungua.

Jambo hili linagusa usalama pia. Katika magari yetu, kioo cha upande wa abiria huwa na mbinuko kidogo ili dereva aone eneo pana zaidi, ingawa kinafanya vitu vionekane viko mbali kuliko vilivyo. Mtu asiyejua hilo akivunjikiwa kioo huenda kwa mkata vioo, anakatiwa kipande cha kioo bapa cha kujitazamia, kinagundishwa, na safari inaendelea. Kwa macho ya haraka gari limepona. Kumbe eneo ambalo dereva analiona limepungua, na katika nchi tunazoendesha kushoto, lililopungua ni upande ule ambao bodaboda na baiskeli hupitia gari linapokaribia kukata kona. Wapo pia wanaokaa wiki kadhaa na kioo kilichofungwa kwa solotepu wakisubiri nafasi ya kwenda gereji. Anayeweza kuifanya kazi hiyo Jumamosi asubuhi nje ya nyumba yake hana sababu ya kusubiri hivyo.

Kazi yenyewe ikoje? Katika gari ndogo nyingi za Kijapani, kioo kizima hushikwa na nati au bolti tatu zilizofichwa nyuma ya kipande cha plastiki chenye pembe tatu, ndani ya mlango, kwenye kona ya mbele ya dirisha. Kwa Toyota, mara nyingi ni spana namba kumi, na soketi yenye shingo ndefu ndiyo inayofaa zaidi. Kwanza chomoa waya hasi wa betri. Bandua ile pembetatu taratibu kwa kitu cha plastiki kisichokwaruza. Ikiwa plagi ya nyaya iko chini zaidi ndani ya mlango, fungua kava la mlango: ondoa skrubu zilizo nyuma ya kitasa na kwenye mkono wa kuvutia mlango, kisha vuta kava kuanzia chini hadi vishikizo viachie kimoja kimoja, na uchomoe plagi ya swichi za madirisha. Nailoni iliyogundishwa nyuma ya kava isichanwe, kwa sababu ndiyo inayozuia maji ya mvua yasiingie ndani ya gari. Kabla ya kulegeza nati, chomoa plagi ya kioo, kisha sokomeza kitambaa kwenye uwazi ulio chini yake, kwani nati ikidondoka ndani ya mlango itakugharimu muda mwingi kuliko kazi yote. Mkono mmoja ushike kioo kwa nje wakati nati ya mwisho inatoka. Kioo kipya kikishakaa, unganisha plagi ya kioo na ile ya swichi za madirisha, rudisha waya wa betri, ujaribu pande zote nne, na kisha ndipo urudishe kava.

Pingamizi la kwanza ni la haki: umeme na mifuko ya hewa vina hatari. Umeme wa gari ndogo ni wa volti 12 na hauui mtu, ila ukigusanisha nyaya ovyo unaunguza fyuzi au kifaa. Ndiyo sababu waya wa betri hutangulia kuchomolewa. Kuhusu mifuko ya hewa, baadhi ya magari yana mfuko au kihisi cha ajali ndani ya mlango, na baadhi ya magari mapya yana kamera ndani ya kioo inayotakiwa kupangwa upya kwa mashine. Magari ya namna hiyo yaende kwa fundi mwenye vifaa, na mwenye gari asione haya kusema kwamba hapo ndipo mwisho wake. Lakini hatuwezi kulinyima gari la mwaka 2005 matengenezo ya nyumbani kwa sababu ya kamera ambayo halina. Kujua mpaka wa uwezo wako ni sehemu ya maarifa haya.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi kwa jamii: je, tukijitengenezea wenyewe, vijana wa gereji watakula wapi? Swali hili linastahili jibu la dhati, kwa sababu gereji za mitaani zimelea familia nyingi na zimefundisha ufundi vijana ambao hakuna chuo kilichowapokea. Ila tazameni anayeumizwa na ujinga wa mteja. Fundi mwaminifu anayesema kinachohitajika ni kioo peke yake hupoteza kazi kwa jirani yake anayeuza seti nzima, kwa sababu mteja hawezi kutofautisha kauli hizo mbili. Mteja akielewa, uaminifu unaanza kulipa. Tena gari lina breki, giaboksi, injini na mfumo wa umeme ulio mgumu kuliko nyaya tatu za kioo. Huko ndiko ujuzi wa fundi unakohitajika na kustahili kulipwa vizuri. Mteja anayejua taabu ya kuvua kava la mlango bila kulivunja ndiye pia atakayeheshimu ujira wa anayeifanya kazi hiyo kila siku.

Wapo watakaosema hawana muda, au mikono yao haikuumbiwa spana. Hao nao nawaomba wajifunze, hata kama hawatashika bisibisi. Aliyeelewa hatua hizi anaweza kumsimamia fundi, kumkumbusha nailoni isichanwe, kudai spea yake ya zamani na kujaribu kioo kabla ya kulipa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na gari ni mali inayotumia fedha kila mwezi.

Kuna faida nyingine inayotuhusu sote. Wenye magari wa Dar es Salaam na Nairobi wamezoea kuchonga namba za gari kwenye vioo na taa ili mwizi asipate soko. Hatua hiyo ni nzuri, lakini soko la wizi linaundwa na mnunuzi, na mara nyingi mnunuzi huyo ni mtu aliyeibiwa juzi, aliyempa fundi fedha na kusema atafute popote. Anayenunua mwenyewe, iwe Gerezani, Dar es Salaam, au Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, anaweza kukigeuza kioo mkononi, kutafuta dalili za namba iliyokwanguliwa, kuangalia kama nyaya zimekatwa kwa kisu au plagi yake ni nzima, na kudai risiti. Plagi nzima ni dalili kwamba kioo kilifunguliwa kwa utaratibu. Nyaya zilizokatwa zinataka maelezo. Kununua mali ya wizi huku ukijua ni kosa la jinai, na kujifanya hujui kunamrudisha mwizi yule yule kwenye gari la jirani yako.

Magari mengi tunayoendesha yametufikia yakiwa yametumika Japani, na kitabu cha maelekezo kikiwemo huwa kimeandikwa kwa Kijapani. Maarifa haya basi hatutayapata bure tunapokabidhiwa ufunguo. Lazima tuyatafute na kufundishana. Shule za udereva ziongeze somo la fyuzi, taa na vioo. VETA na vyuo vingine vya ufundi vifungue kozi fupi za mwisho wa wiki kwa wenye magari. Wauza spea waeleze kwa Kiswahili kila kioo kina pini ngapi na ni cha toleo gani. Na wewe msomaji mwenye gari, usisubiri kuvunjikiwa. Wiki hii bonyeza swichi ya vioo vyako, sikiliza mota zote mbili, tafuta mahali zilipofichwa zile nati tatu, na ujue plagi yako ina pini ngapi. Siku utakapohitaji kununua, nenda dukani ukiwa na jibu.