Kabla ya kompyuta za kwanta kulikuwa na tone la solda

Kila mtu siku hizi ananiuliza kompyuta za kwanta zitatunyang'anya kazi lini. Nawajibu: kwanza msome habari za John Clarke.

Miaka ya 1960, huyu Mwingereza akiwa mwanafunzi Cambridge, aliweka tone la solda juu ya waya wa niobiamu wenye kutu yake ya asili, akavipoza kwa heliamu ya majimaji. Basi! Kidude hicho (hakina sura kabisa) kikapima volti ndogo mno. Kisha akahamia Berkeley, Marekani, akatumia miongo kadhaa kuboresha SQUID, vifaa vinavyonasa hata sumaku ya ubongo wa binadamu, ambayo ni dhaifu kuliko ya dunia mara mamilioni.

Hapa ndipo nataka mjadala. Biti ya kwanta huvurugwa na kelele kidogo tu. Kwetu sisi wa programu hiyo ni kasoro. Kwa mpimaji ndiyo mali yenyewe: kinachosumbuliwa na kila kitu ndicho kinachosikia kila kitu. Tena kihisi kimoja kikifanya kazi, tayari una faida. Kompyuta ya biti moja utaifanyia nini?

Hata Nobeli aliyopewa mwaka 2025 pamoja na Devoret na Martinis ni ya vipimo walivyofanya miaka ya 1984 na 1985, na ndivyo vilivyofungua njia ya biti za leo.

Chuo chetu chochote kikitaka kuingia kwenye kwanta, kianze na vihisi. Mimi mwenyewe nilikuwa nikitoroka maabara ya fizikia.